Kilichobaki Ndani ya Mtutu: Baruti, Shaba na Chumvi katika Pwani Yetu

Wenzangu walionitangulia katika gazeti hili la mkutano wetu wamekwisha andika mengi juu ya Bagamoyo. Wameandika juu ya pembe za ndovu na minyororo ya watumwa, juu ya Misheni iliyoanzishwa mwaka 1868, juu ya maiti ya Livingstone iliyopitishwa hapa mwaka 1874, na juu ya Wadachi walioufanya mji huu makao yao makuu mpaka mwaka 1891. Safari hii naomba nafasi niandike juu ya jambo ambalo sijaliona katika kurasa zetu: tundu la bunduki, na uchafu unaobaki ndani yake baada ya mlio.

Huenda kijana wa kidato cha pili akauliza, je, hilo nalo ni historia? Naam, ni historia. Darasani tulifundishwa kwamba wakoloni walitushinda kwa sababu ya bunduki bora. Jambo hilo ni kweli, lakini halijakamilika. Bunduki iliyo bora kabisa, ikiachwa wiki mbili bila kusafishwa katika hewa ya pwani yetu, hugeuka bomba bovu la chuma. Kwa hiyo, aliyetaka kutawala kwa bunduki hakuhitaji bunduki tu. Alihitaji pia maji matamu, kuni, vitambaa, mafuta, na mikono ya watu wa kufanya kazi hiyo kila siku. Mikono hiyo ilikuwa ya watu wetu, na majina yao hayamo vitabuni. Basi makala haya yanahusu uchafu wa mtutu, lakini yanahusu pia watu waliousafisha.

Zama za gobori

Katika karne ya 19, misafara iliyoondoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilichukua vitambaa, ushanga, nyaya za shaba, baruti na bunduki. Bunduki zenyewe nyingi zilikuwa kuukuu. Majeshi ya Ulaya yalipoanza kutumia bunduki za kupakiwa nyuma, zile za zamani za kushindilia kwa mbele ziliuzwa kwa bei rahisi, zikaletwa Unguja na kuvushwa bara. Nyingine zilitengenezwa makusudi kwa biashara ya Afrika katika miji kama Birmingham kule Uingereza na Liège kule Ubelgiji. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza aliyekaa Unguja, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki baina ya 80,000 na 100,000 zingekuwa zikiingia Afrika ya Mashariki kwa mwaka.

Lugha yetu ilizipokea silaha hizi na kuzipa majina yake. Ile ya kuwashwa kwa utambi ikaitwa ya mrao. Ile ya jiwe ikaitwa gumegume. Ya kushindilia ikaitwa gobori. Ufito wa kushindilia ukaitwa mdeki. Na kile kikombe kidogo cha kuwashia baruti kikaitwa fataki. Na kuna neno moja ambalo nataka msomaji aliweke akilini mpaka mwisho, nalo ni risasi. Risasi ni jina la madini, yale mazito na laini ambayo fundi huyayeyusha kwa moto wa kawaida. Kwa kuwa kilichotoka mtutuni kilikuwa kipande cha madini hayo, chenyewe nacho tukakiita risasi.

Baruti ya zamani ilikuwa mchanganyiko wa sehemu 75 za shura, 15 za makaa na 10 za kiberiti. Baruti hiyo inapowaka, zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki hewa. Hubaki kama moshi mzito na masizi yanayoganda ndani ya mtutu mfano wa ukoko ndani ya sufuria. Baada ya kupiga mara kadhaa, mtutu husongwa na masizi hata risasi haishuki tena kwa mdeki. Mpiganaji aliyekuwa akiweza kupiga mara mbili au tatu kwa dakika hujikuta anapiga mara moja, kisha anatafuta maji.

Lakini masizi hayo yalikuwa na jambo moja jema: yanayeyuka katika maji. Mzee mmoja msasi niliyepata kuzungumza naye katika miaka ya 1980, upande wa Saadani, alinieleza desturi yao. Wakirudi porini, kabla ya kula, gobori huoshwa kwa maji ya moto mpaka maji yatoke meupe, hukaushwa karibu na moto, ndipo hupakwa mafuta. Nikamwuliza, "Mzee, kwa nini maji ya moto, wala si mafuta peke yake?" Akanitazama kama mtu amtazamaye mtoto wa mjini, akasema, "Mwanangu, wewe sufuria ya wali huiosha kwa mafuta?"

Jibu la mzee yule lina elimu kubwa ndani yake. Tutalirudia hapo mbele, maana majeshi makubwa ya Ulaya yalilisahau kwa zaidi ya miaka 30.

Vita vya Abushiri na sheria ya Brussels

Agosti 1888, Emil von Zelewski wa Kampuni ya Kidachi alipopandisha bendera ya kampuni yake Pangani, wananchi wa pwani walisimama. Abushiri bin Salim aliongoza vita kuanzia Pangani hata Bagamoyo, na Bwana Heri akashika Saadani. Silaha zao nyingi zilikuwa hizo za kushindilia. Mei 1889, Hermann von Wissmann alilivamia boma la Abushiri lililokuwa karibu na Bagamoyo akiwa na askari aliowakodi Misri na Msumbiji. Hao walikuwa na bunduki ya Mauser ya mwaka 1871, ya kupakiwa nyuma. Ilitumia baruti ya moshi na risasi nene ya milimita 11, yenye uzito wa gramu 25 hivi. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889, na Bwana Heri akasalimu amri mwaka 1890.

Mwaka huo huo wa 1890 mataifa ya Ulaya yalitia sahihi Mapatano ya Brussels. Kwa jina yalikuwa ya kukomesha biashara ya watumwa. Ndani yake yalikataza kuuza bunduki za kisasa katika Afrika, kuanzia digrii 20 kaskazini mwa Ikweta hadi digrii 22 kusini. Mwafrika aliachiwa bunduki ya jiwe isiyo na mifuo ndani ya mtutu, na baruti ya kawaida ya biashara. Ndiyo sababu gobori liliendelea kuishi vijijini kwetu katika karne ya 20, wakati askari wa mkoloni alikwisha ingia katika zama nyingine kabisa.

Shaba inaingia mtutuni

Zama hizo nyingine zilianza Ulaya katika miaka ya 1880. Mfaransa Paul Vieille alitengeneza mwaka 1884 baruti isiyotoa moshi mwingi, na mwaka 1886 jeshi la Ufaransa likapata bunduki ya Lebel iliyoitumia. Mataifa mengine yalifuata mbio. Baruti hiyo ilikuwa na nguvu kupita kiasi cha zamani. Ile Mauser ya mwaka 1871 ilitupa risasi yake kwa mwendo wa karibu mita 430 kwa sekunde; Lee-Enfield ya Waingereza, kwa risasi iliyoanza kutumika mwaka 1910, ilifika mita 744.

Hapo ndipo madini ya risasi yaliposhindwa. Msomaji akumbuke kwamba ndani ya mtutu wa kisasa kuna mifuo inayozunguka mfano wa uzi wa skrubu, na kazi yake ni kuizungusha risasi ili iende imenyoka. Risasi laini ikisukumwa kwa nguvu nyingi haishiki mifuo hiyo. Huchunika na kubaki imepakaa ndani. Mswisi Eduard Rubin alikuwa amekwisha pata dawa yake mwaka 1882: risasi ivikwe gamba la shaba nyekundu. Baadaye nchi nyingi zilitumia gamba la shaba iliyochanganywa na nikeli, kwa kawaida sehemu 80 kwa 20, au chuma chembamba kilichopakwa mchanganyiko huo.

Basi kuanzia hapo kilichotoka mtutuni hakikuwa tena risasi kwa nje, kilikuwa shaba. Sisi tuliendelea kukiita risasi, na mpaka leo twakiita hivyo.

Gamba nalo likaleta uchafu wake. Kila mara linapopita, hukwaruzwa kidogo na kuacha utando mwembamba wa shaba juu ya chuma, hasa pale palipo na mikwaruzo au alama za keekee ya fundi. Utando juu ya utando, baada ya mipigo mingi, mifuo hujaa na risasi huanza kupotea njia. Mpigaji huona analenga vizuri na hapati, akadhani jicho lake limechoka. Tena kuna ubaya wa pili, nao ni mkubwa zaidi: shaba hufunika uchafu mwingine ulio chini yake. Aliyewahi kupaka rangi juu ya dirisha lenye kutu anafahamu nisemalo. Juu panang'aa, na chini chuma kinaliwa.

Tanga na Manza

Vita Kuu ya Kwanza ilizikutanisha zama hizo mbili hapa pwani kwetu. Novemba 1914 jeshi la Waingereza lililotoka India lilishuka Tanga. Kampuni nyingi za askari wa Kidachi chini ya Lettow-Vorbeck zilikuwa bado na ile Mauser ya mwaka 1871. Kila askari alipofyatua, wingu jeupe la moshi lilipanda na kumwonyesha adui mahali alipo. Pamoja na hayo Waingereza walishindwa, wakarudi merikebuni, wakaacha mamia ya bunduki za kisasa na malaki ya risasi. Lettow-Vorbeck alipata za kutosha kuzipa silaha mpya kampuni tatu.

Lakini bunduki mpya si suala la kuipokea tu. Askari aliyezoea masizi meusi, ambayo jicho linayaona na maji yanayaondoa, sasa alipewa mtutu ambao baada ya kupiga unaonekana karibu safi. Hatari yake ilikuwa haionekani.

Kisha ikaja habari ya ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga. Aprili 1915 meli ya Kidachi Rubens, iliyojifanya kuwa ya Denmark kwa jina la Kronborg, ilifika pwani hiyo imebeba bunduki na mamilioni ya risasi. Manowari ya Kiingereza Hyacinth iliifukuza na kuipiga. Nahodha akaizamisha mahali pasipo na kina kirefu. Waingereza walipoondoka wakidhani mambo yamekwisha, kazi ya kuopoa ikaanza. Shehena kubwa ilitolewa majini, lakini maji ya bahari yalikuwa yamekwisha ingia katika risasi. Ikabidi zifunguliwe moja moja, baruti isafishwe na kukaushwa, na fataki mbovu zibadilishwe. Baada ya hapo zilipangwa kwa madaraja: zile zisizokosa kuwaka zikatengewa bunduki za rashasha, zilizokosa mara chache zikapewa askari wa kawaida, na zilizokosa sana zikawa za mazoezi.

Hebu msomaji awaze kazi hiyo. Mamilioni ya risasi, kila moja ishikwe kwa mkono! Vitabu vya vita hutaja jina la meli, la manowari, na la jemadari. Waliokaa wakifungua maganda, wakianika baruti, na waliobeba masanduku kichwani kutoka Manza, hawatajwi. Upande wa Waingereza nao mambo yalikuwa hayo hayo. Zaidi ya wapagazi 95,000 waliokuwa upande huo walikufa katika vita vile, nao ndio waliotuachia jina la Kariakoo. Bagamoyo yenyewe ilitekwa na Waingereza kutoka baharini Agosti 15, 1916.

Kosa la miaka thelathini

Sasa nirudi kwenye jibu la mzee wa Saadani.

Baruti mpya ilipokuja, watu wengi waliona mitutu yao haina masizi, wakaacha maji wakatumia mafuta peke yake. Mitutu ikaanza kuoza. Askari anaisafisha leo, anaipaka mafuta, kesho anaifungua anakuta kutu. Wataalamu wakasema chuma "kinatoa jasho": eti gesi za baruti zimeingia katika vinyweleo vya chuma na sasa zinatoka polepole. Wengine wakaitupia lawama shaba. Askari wakaamriwa kusafisha siku kadhaa mfululizo baada ya kulenga shabaha, na kutu ikionekana, aliyeadhibiwa ni askari.

Jeshi la Waingereza, ambalo King's African Rifles, yaani Keya wetu, walikuwa chini yake, lilikuwa na desturi moja iliyosaidia. Walimimina maji yanayochemka mtutuni kwa faneli, kisha wakapitisha kamba yenye kitambaa mpaka pakauke, ndipo mafuta. Desturi hiyo ilifanya kazi, ila sababu yake haikueleweka sawasawa.

Sababu ilipatikana mwaka 1922. Mkemia Wilbert J. Huff wa Idara ya Migodi ya Marekani alithibitisha kwamba mharibifu si baruti wala shaba. Mharibifu alikuwa fataki. Fataki za zama zile zilikuwa na klorati ya potasiamu. Inapowaka hubaki kloridi ya potasiamu, ambayo ni ndugu wa chumvi yetu ya mezani. Chumvi hiyo huvuta unyevu hewani. Unyevu ukipita asilimia 84 hivi, huyeyuka yenyewe ikawa maji ya chumvi juu ya chuma. Katika jangwa bunduki ingeweza kukaa siku nyingi bila dhara. Katika pwani yetu, usiku wa masika, haimalizi usiku.

Na mafuta hayayeyushi chumvi. Hilo kila mvuvi wa Dunda au Mlingotini analifahamu. Akirudi baharini, mashine yake huiosha kwa maji matamu. Haipaki mafuta juu ya chumvi. Wakati wa gobori tatizo hili halikuonekana, kwa kuwa masizi mengi yalimlazimisha kila mtu kuosha kwa maji, na chumvi ikaondoka humo humo bila mtu kujua. Baruti safi ndiyo iliyoharibu desturi safi.

Shaba nayo haikuwa bila hatia. Haikula chuma, lakini ilifunika chumvi. Mahali palipo na utando wa shaba, maji ya moto hayakufika chini, na kutu iliendelea huko kwa siri. Ndiyo maana kuondoa shaba halikuwa jambo la kupata shabaha nzuri tu, bali la kuokoa mtutu wenyewe.

Njia za kuondoa shaba

Kwa ajili ya vijana wetu wa sayansi, nitaeleza njia hizo kwa ufupi.

Ya kwanza ni ya nguvu: brashi ya waya wa shaba, au kamba yenye wavu mwembamba wa waya, ivutwe ndani ya mtutu. Njia hii inasaidia, lakini ina hasara. Ufito wa chuma ukipitishwa kwa pupa husugua mdomo wa mtutu, na mdomo ukilika bunduki hailengi tena. Mafundi wa silaha husema mitutu mingi imeuawa na kusafishwa vibaya kuliko kupigwa.

Ya pili ni ya kemia. Amonia, ikisaidiwa na hewa au dawa nyingine yenye oksijeni, huyeyusha shaba na kugeuka rangi ya buluu iliyokoza. Mwenye kusafisha hupitisha kitambaa, na kikitoka na buluu anajua shaba bado ipo; kikitoka cheupe, kazi imekwisha. Lakini dawa kali ya namna hiyo ikiachwa ikaukie mtutuni, huanza kula chuma chenyewe. Baada yake ni lazima maji, kukausha, na mafuta.

Ya tatu ni kuzuia. Katika Vita Kuu ya Kwanza Wafaransa, ambao mizinga yao ilisongwa na shaba ya mikanda ya makombora, waliweka bati kidogo pamoja na baruti. Bati likiyeyuka huchanganyika na shaba na kuifanya ivunjike kwa urahisi, nayo husukumwa nje na kombora linalofuata. Marekani, mnamo 1921 na 1922, waliacha gamba la nikeli wakatumia shaba yenye zinki kidogo, na mabonge ya shaba mtutuni yakapungua sana. Viwanda vya Ujerumani katika miaka ya 1920 vikatoa fataki zisizoacha chumvi.

Ya nne ni kuutibu mtutu wenyewe. Ukilainishwa vizuri ndani hushika shaba kidogo. Ukipakwa kromu ndani, huwa mgumu, laini, na wenye kustahimili kutu. Njia hiyo ya kromu ilitumiwa sana na Warusi na Wachina baada ya Vita Kuu ya Pili, na ndiyo iliyotufikia sisi.

Somo la Jeshi la Kujenga Taifa

Wengi wa wasomaji wa rika langu walipitia JKT kwa mujibu wa sheria baada ya kidato cha sita, kabla utaratibu huo haujasimamishwa mwaka 1994. Wanaikumbuka SAR ya Kichina, iliyokuwa na uzito wa kilo karibu nne na iliyozidi uzito huo kila kilomita. Mitutu mingi ya aina hiyo imepakwa kromu ndani. Lakini risasi nyingi za kijeshi za Kichina na za Kirusi za wakati ule zilikuwa bado na fataki za chumvi, kwa hiyo kromu peke yake haikutosha.

Katika kambi yetu, iliyokuwa hapa hapa pwani, alikuwapo afande mmoja wa silaha ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi. Siku ya kulenga shabaha aliweka sufuria motoni tangu tunatoka kambini. Kuruta mmoja, mwenzetu aliyesoma sana, akamwambia, "Samahani afande, chuma na maji si maadui?" Afande akajibu, "Maji yakikaa, ni adui. Yakipita, ni rafiki. Maji kwanza, mafuta baadaye." Kisha akatuonya tusichote kile kisima cha karibu na ufuko, bali twende mbali kidogo kwenye maji matamu, kwa sababu maji ya magadi yangeondoa chumvi moja na kuacha nyingine.

Afande yule hakuwa amesoma karatasi ya mwaka 1922. Alifundishwa na aliyemtangulia, naye na aliyemtangulia, pengine hata kumfikia askari wa Keya aliyekuwa akishika faneli, na msasi wa gobori aliyekuwa akicheka mafuta. Elimu hiyo ilipita mikononi, wala haikuandikwa. Na hili ndilo jambo ninalotaka kulisema katika makala haya: katika historia ya pwani yetu, mara nyingi aliyefanya kazi alikuwa sahihi kabla aliyetoa amri hajaelewa.

Kwa vijana wetu

Nina maneno matatu kwa wanafunzi walioko shuleni sasa.

La kwanza ni la usalama. Vijijini bado huonekana gobori la babu, limefichwa darini. Msilishike, msichungulie mtutu wake, wala msijaribu kulisafisha. Baruti ya miaka mingi iliyoshindiliwa inaweza kuwa bado hai. Sheria ya silaha ya mwaka 2015 inataka kila silaha iwe na kibali, basi mzee ashauriwe aipeleke polisi.

La pili ni la kuhifadhi. Mkikuta kifaa cha zamani, kiwe kufuli la bunduki, kitasa au nanga, msikisugue kwa msasa wala kukitia tindikali ili king'ae. Chini ya ile kutu yaweza kuwapo mhuri wa kiwanda, pengine na mwaka. Mkiuondoa mmeondoa ushahidi, na hakuna atakayeweza kuurudisha. Toeni habari kwa mwalimu wa historia au kwa watu wa mambo ya kale.

La tatu ni la kuandika. Wako wazee wachache waliobaki ambao wanajua mdeki ni nini, mrao ni nini, na jinsi gobori lilivyooshwa. Chama cha Historia kichukue daftari kiwaendee wazee hao Kaole, Saadani, Winde na Pangani, kiulize kwa adabu na kuandika maneno yao kama walivyoyasema. Gazeti hili na liwe mahali pa kuyachapa, nasi wazee wa shule tuchange nauli na karatasi. Mimi mchango wangu nimekwisha mkabidhi mweka hazina.